Plagi za Mjini na Plagi za Safari

Nilitoka Mumias alfajiri, begi moja likiwa limefungwa nyuma ya kiti kwa mpira wa tairi, nikiendesha pikipiki ya marehemu baba. Ni pikipiki ya zamani, ya silinda mbili, ile aina inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi wa buluu. Baba aliinunua alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kabla sijazaliwa, akarudi nayo kwetu na kuiendesha hadi magoti yalipokataa. Utoto wangu wote nilisikia habari za Pwani kutoka kwa mtu ambaye hakurudi huko tena. Alipofariki nikaona heri niende nikaone mwenyewe.

Shida ilianzia Timboroa. Kule juu hewa ni nyembamba, injini inakosa pumzi, petroli haiungui yote. Plagi, zile zinazoiwasha petroli kwa cheche, zilijaa masizi na pikipiki ikazimika ndani ya ukungu. Nilizikwangua kwa kisu, nikajikokota hadi Nakuru, na huko muuza spea akanipa plagi za moto, zinazounguza masizi zenyewe. Zilifanya kazi vizuri sana. Elimu yangu ya Form Four ikaridhika, ikalala.

Sikufikiri kwamba kilichofaa milimani kingeweza kudhuru Pwani. Kutoka Mtito Andei kushuka, hewa ilizidi kuwa nzito na joto likazidi, injini ikaanza kugonga kama kokoto ndani ya debe. Nilipunguza mwendo. Nililala Voi, nikalala Mariakani. Karibu na Gede ilikataa kabisa, na pikapu iliyobeba viti vya harusi ndiyo iliyonifikisha Malindi, mimi na pikipiki tukiwa juu ya viti.

Dereva alinishusha kwa fundi anayetengeneza mashine za boti, mtu wa hamsini na kitu, mwenyeji wa mji, mwenye ulimi usiopumzika. Alizifungua plagi zangu, akaziinua kwenye mwanga. Kauri yake ilikuwa nyeupe kama chokaa.

"Injini ulikuwa waichoma, bwana. Nani kakutilia hizi?"

"Nilizinunua Nakuru."

"Basi zirudi Nakuru."

Madukani Malindi plagi ni za bodaboda tu, nazo ni nyembamba, hazijai kwenye tundu la injini kama yangu. Fundi alicheka aliponiona nikizunguka nazo mkononi. Aliingia ndani akatoka na vikasha viwili: plagi za mashine za boti. Zote zilikuwa na unene na uzi wa kukazia sawa na wa zangu. Tofauti ya kikasha kimoja na kingine ni pua ya kauri iliyo ndani ya plagi. Yenye pua ndefu hubaki na joto, hivyo inafaa kwa mwendo wa polepole wa mjini. Yenye pua fupi hutoa joto upesi, inafaa kwa mbio ndefu. Ya mjini ukiipeleka safari itaungua. Ya safari ukizunguka nayo mjini itajaa masizi.

"Kwa hivyo sema," aliniuliza. "Wakaa ama wapita?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, kila mmoja na kikasha chake.

"Nakaa," nikasema, na nilishangaa kujisikia nikisema hivyo.

Nilikaa. Nilipanga chumba, nikawa namsaidia fundi kazi, na pikipiki ikawa ya kupeleka vitu. Kitu nilichopeleka mara nyingi ni vitambaa vya dada yake huko Mambrui. Alikuwa fundi wa nguo, mwanamke wa umri wa kukaribia wangu, anayeshona buibui na sare za shule barazani kwake.

Siku ya kwanza hakuniangalia usoni. "Mashine yako yanuka," alisema.

"Ni oili, bibie."

"Basi iegeshe kwa jirani. Nguo za watu zitanuka, waseme mimi navuta sigara."

Niliiegesha kwa jirani. Baada ya miezi kadhaa jirani mwenyewe akawa ananitania, eti kodi ya maegesho nitalipa lini, au niseme tu kilichonileta. Nikaenda kukisema kwa fundi, kwa kuwa baba yao alikwishatangulia na yeye ndiye aliyekuwa walii wa dada yake, mwenye haki ya kumwoza.

Alipangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Wewe nakupenda," alisema. "Lakini yule alishaolewa na mtu wa njia. Alikwenda Bara kutafuta. Akatafuta mpaka akapata mke mwingine. Talaka ilikuja kwa simu. Miaka yote ile alikuwa akiweka chakula cha mtu asiyekuja. Sitamwoza tena mtu wa namna hiyo. Ngoja hadi baada ya Idi, kisha tutazungumza. Na plagi nitazisafisha mimi mwenyewe."

Nilidhani ananisaidia. Baadaye ndipo nilipoelewa. Anayejua kusoma plagi haulizi mtu alikokwenda. Mwendo wa Malindi na Mambrui huacha kwenye kauri rangi ya ganda la mkate. Fundi alikuwa akizifungua, anazitazama, anazirudisha bila neno, na kunyamaza kwake kulikuwa sifa.

Mimi sikuwa mtu mbaya wala sikuwa na mwanamke mwingine. Ila kuna asubuhi nilishusha vitambaa Mambrui, nikapanda nirudi, na pikipiki ikaelekea kaskazini. Nilipita Gongoni, nikaziona zile chumvi za baba zimerundikwa kama vichuguu vyeupe, nikasimama, nikatosheka nazo haraka kuliko nilivyotarajia. Barabara iliendelea. Sikugeuka hadi Garsen, ambako sikuwa na jambo wala mtu. Nilikunywa chai nikarudi. Wiki iliyofuata nilikwenda tena.

Fundi aliziinua plagi kwenye mwanga. Zilikuwa zimepauka, na ncha zimeanza kulika.

"Hizi hazikutoka Mambrui."

"Nilifika Garsen."

"Kufanyani?"

"Kuona."

"Kuona nini?"

"Njia."

Alitikisa kichwa. "Wallahi, njia. Nimwambie, ama wamwambia wewe?"

Nilimwambia mwenyewe siku hiyohiyo. Alikuwa akikanyaga cherehani, hakusimamisha mguu hadi alipofika mwisho wa pindo.

"Ulipokuwa ukienda, ulifurahi?"

"Nilifurahi."

"Na ulipokuwa ukirudi?"

Nilitaka kusema ndiyo, na haikuwa uongo mtupu. Nilipenda kumkuta pale barazani. Lakini nilikawia. Akakata uzi kwa meno.

"Umeshanijibu," akasema. Kisha akachukua simu, akampigia kaka yake mbele yangu, sauti wazi. "Kaka, huyo mbara wako. Mtilie zile plagi za safari."

"Mmegombana?"

"Hatukugombana. Ataiunguza mashine ya babake bure kwa kujaribu kukaa kwangu."

"Subira, dada. Idi si mbali."

"Yule wa kwanza nilimngojea, Kaka. Huyu nataka nimuage."

Fundi alizitia kesho yake, akazikaza kwa mkono kwanza, kisha kwa spana. Hakunitania hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Mwishoni tu alisema, "Hizi ukikaa nazo mahali zitashika masizi. Ukiyaona, jua umefika." Nimenunua za aina hiyohiyo tangu wakati huo, kwa njia za Isiolo, Busia na kwingineko. Mara nyingine nazifungua bila sababu nikazitazama. Ni safi.

Nilipitia Mambrui kuaga. Safari hii sikuegesha kwa jirani. Alikuwa akimpima sare msichana wa shule, amepiga magoti kwenye pindo, na pini zimejaa mdomoni mwake. Nilimsalimu, akaitikia kwa kichwa. Nikasimama kusubiri amalize. Alizitoa moja moja, akizichomeka kitambaani bila haraka, hadi ikabaki moja, hadi mdomo ukawa mtupu. Nikafungua wangu.

Akanyoosha mkono mezani, akachukua pini nyingine nyingi, akazitia mdomoni. Kisha akaninyooshea kiganja cha mkono uleule, wazi, kama mtu anayeaga, akakiweka hewani kwa muda kabla ya kukirudisha kwenye pindo.

Nikapiga kiki. Iliwaka mara moja.