Sanda ya Bibi Ndani ya Lori

Harufu ya kafuri hata leo hunirudisha Sindeni, mbele ya sanduku la bati la bibi yangu. Wazee wa kwetu walijinunulia sanda mapema, wasije wakazikwa kwa nguo ya kuombaomba. Ya bibi ilikaa humo, na ukutani juu yake ilining'inia picha ya Wagiriki.

Mama aliipata Kilole, alikokuwa akimfulia meneja wa shamba la mkonge. Baada ya Uhuru yule mzungu aliondoka, akamwachia. Alimweleza kuwa ilichorwa karne iliyopita, kwa hadithi za Wagiriki wa kale, ambao maiti wao huvushwa kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha wafu. Maji meusi, miti mirefu ya giza, na mtumbwini mtu amesimama wima, kafunikwa nguo nyeupe toka kichwani.

"Maiti gani huyu hajalala?" bibi aliuliza.

"Labda hakukubali kufa, mama," mama yangu akajibu.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Basi huyo Mzigua mwenzetu, mbishi."

Ikaja operesheni ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa. Bibi akakataa kuhama; babu na watoto wake watatu walilala makaburini nyuma ya nyumba, nani angewapalilia? Waliomtoa nawataja: Rajabu Semkiwa, katibu wa tawi, ndiye aliyeamuru, na Hoza, mgambo, ndiye aliyechoma paa, picha ikiwa ndani.

"Chukua vyombo, bibi," Semkiwa alisema.

Bibi hakuchukua chungu wala jembe. Alifungua sanduku, akajitanda sanda yake mpaka kichwani, akapanda lori, akasimama.

"Kaa chini, bibi. Unatutia aibu."

"Maiti haambiwi kaa, mwanangu. Wewe peleka."

Njia nzima alisimama, kashika ubavu wa lori. Mimi nilibanwa kati ya magunia, nikitazama miguu yangu kwa haya. Kandokando ya barabara wanaume waliweka majembe chini, wakasimama kimya, kama linapopita jeneza. Semkiwa alikaa mbele na dereva. Aliwaona wote.

Tulipofika, sanda ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Bibi akakataza isifuliwe. Mwaka uliofuata tulimzika nayo vilevile. Shehe alinung'unika, mama akamwambia ndivyo alivyousia.

Niliishia darasa la nne, na miaka mingi nilidhani bibi alichanganyikiwa siku ile. Leo nami nina sanda sandukuni, ndipo nimeelewa. Alikuwa anapeleka mashtaka kwa Mwenyezi Mungu, na ushahidi kajivika mwilini.

Semkiwa naye alikufa, akazikwa kwa hotuba. Lile vumbi lilikwisha kumtangulia.