Kwa Upande Wangu, Sina Neno

Juzi nilikuwa barazani kwangu hapa Malangali nachambua maharage, na mjukuu wangu wa kidato cha pili amekaa pembeni, daftari magotini, ananisomea Kiingereza kwa sauti. Mimi Kiingereza sikijui. Lakini masikio ninayo, nikasikia kila mstari unaanza vilevile: In my opinion. Unaofuata, In my opinion. Nikamuuliza hicho ni kitu gani kinachozunguka palepale kama mbuzi kwenye kamba.

"Ni kwa maoni yangu, bibi. Kwa upande wangu mimi. Mwalimu kasema ukitaka kueleza unavyoona wewe, unaanza hivyo, halafu ndiyo unasema."

"Nisomee mmoja kwa lugha ya watu."

Akacheka kwanza, akajifunika daftari usoni. "Kwa maoni yangu, bibi yangu ni mkali mno."

"Hapo umesema," nikamwambia. "Usifute."

Akaniomba radhi, na haikuwa na haja. Mtu akianza na maneno hayo akafika mpaka mwisho, hata akinisema mimi, simlaumu. Wewe msomaji wangu ni mtu mzima, unajua wako wanaoanza vizuri na kuishia njiani. Mimi nilitendwa na mmoja wa namna hiyo, na alikuwa bibi yangu mwenyewe, mama wa baba yangu.

Alinilea yeye. Baba alikwenda kutafuta kazi migodini ng'ambo ya mpaka, barua zikaja mbili, kisha zikakoma. Mama akarudi kwao. Nikabaki na bibi kwenye nyumba ya udongo upande wa Kasense, siku hizo pakiwa shamba tupu, mji ukiuona kwa mbali kama moshi. Asubuhi upepo wa Ufipa unapita chini ya mlango, unakuta miguu yako. Nilikuwa nalala mgongoni kwake, na harufu yake mpaka leo naijua: ulezi, moshi na mafuta ya nyonyo. Kabla ya shule nachota maji, nafagia, nasaga. Jiwe la kusagia la bibi lilikuwa limelika katikati mpaka likafanana na kitanda kilicholaliwa sana. Ulezi ni mdogo, unateleza, unataka mgongo wote. Jioni tunakula ugali wake mweusi na majani ya maharage, na mvua zikianza, uyoga. Bibi hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akisema, "Kinywa kikubwa hakijazi ghala." Nikadhani ni hekima.

Zama zetu darasa la nne lilikuwa na mtihani, na baada ya hapo wengi walirudi shambani. Shuleni kwetu mwaka ule tulifaulu wachache, na nafasi ya msichana ilikuwa moja, shule ya bweni iliyokuwa njia ya Matai. Mwalimu akaniita mbele akasema nafasi ni yangu, wenyewe nyumbani wakiridhia. Nilikimbia mpaka nyumbani kandambili mkononi.

Bibi alikuwa anafumua matuta ya ntumba, yale ya kuzika majani yaoze chini, ili ardhi iwe tayari kwa ulezi. Aliniacha nimalize. Akajipangusa mikono.

"Itabidi ukoo ukae," akasema. "Ukoo haukai kavu."

Maana yake ilikuwa pombe. Kwetu jambo la mtoto halikuzungumzwa bila chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi ambayo wazee wanaizunguka na mirija mirefu, na inamiminiwa maji ya moto kila inapopungua. Tukaloweka ulezi, tukaufunika uote, tukauanika. Kisha kusaga kimea. Kazi hiyo niliifanya peke yangu karibu wiki nzima, viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, nikafunga vitambaa nikaendelea. Siku moja nilimuuliza, "Bibi, baba mkubwa akikataa?"

Alikuwa anapepeta, hakuinua kichwa. "Wewe saga. Maneno niachie mimi."

Nilisaga kama mtu anayesaga bahati yake.

Ujue na utaratibu ulivyokuwa. Mwenye mrija mdomoni hasemi. Anayetaka kusema anauegemeza ukingoni mwa chungu, na wenzake wanasikiliza. Anaanza mkubwa wa ukoo, wanafuata wengine, na mwisho kabisa anasema yule aliyemlea mtoto, kwa sababu ndiye anayejua amemlisha nini. Aliyelea ndiye anayefunga maneno. Akisema aende, anakwenda, hata mkubwa akinuna. Akisema hana neno, basi linabaki la mkubwa. Hilo kila mtu alilijua, hata mimi mtoto.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya misa. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji ya moto kwa kibuyu, ndiyo sababu niliyasikia yote. Baba mkubwa akaegemeza mrija wake.

"Kwa upande wangu mimi," akasema, "mtoto wa kike akishajua kusoma kitabu cha sala inatosha. Akienda huko, haya matuta yatafumuliwa na nani? Na panya?"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Aliweka mrija kwa nguvu mpaka ukateleza chini.

"Kwa upande wangu aende. Wa jirani kaenda, karudi, sijaona ameota mkia. Wewe kaka unayempigia hesabu ya matuta, jembe lako mwenyewe lina kutu."

"Unanitukana kwenye pombe ya mama?"

"Sijatukana. Nimetaja kutu."

Mwalimu alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia mapajani. Alisema kwa upande wake amemaliza, mtoto anaweza, na Jumatatu lazima apeleke jina, liwe langu au la mwingine. Wote wakamgeukia bibi.

Nilikuwa nimepiga goti namimina maji. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Nikasema moyoni, sasa. Bibi akautoa mrija mdomoni, akauangalia nchani kama una kitu kimekwama.

"Kwa upande wangu mimi," akasema. Akanyamaza. Nje jogoo aliwika. "Kwa upande wangu mimi, sina neno."

Akaurudisha mrija mdomoni.

Niliendelea kumimina mpaka chungu kikafurika, maji yakawafikia miguuni, baba mkubwa akaruka. "We mtoto! Unatupika?" Shangazi alininyang'anya kibuyu. Mwalimu alisimama, akavaa kofia, akamwambia bibi "Shikamoo, mama," kwa kuaga. Jumatatu alipeleka jina la binti mwingine. Nilimwona binti huyo akipita na sanduku la bati kichwani, nimesimama shambani.

Usiku ule wa pombe sikulalia mgongo wa bibi. Nilitandika ngozi upande wa pili wa moto. Asubuhi alipika, akaniwekea kipande cha mgebuka kikubwa kuliko cha siku zote, samaki ambaye kwetu alionekana mara chache. Na mimi nilikula. Nakiri hapa, nilikula mpaka nikalamba miiba, na nikaona aibu kuliko ningepigwa. Kisha nikaenda kusaga.

Kwa miaka nilimtetea kichwani. Nilijiambia bibi alimwogopa baba mkubwa, mjane atafanya nini mbele ya mwanawe mwenye sauti. Nilijiambia pombe ilimzidi. Nilikuwa na watoto wangu tayari, na yeye macho yamekufa, namwogesha kwa maji ya uvuguvugu, ndipo aliposema bila kuulizwa.

"Ile siku ya mwalimu, ningesema uende wangekubali."

"Najua, bibi."

"Sikutaka uende. Ungeenda ungesahau kurudi, kama baba yako."

"Mbona hukusema hivyo?"

Maji yalimtiririka mgongoni. "Ningesema hivyo ungenichukia."

Basi. Nilimpangusa, nikamvika. Nikamlisha uji. Alipofariki nililia kama wengine, nikapika kwenye matanga siku zote, hakuna aliyeweza kusema mjukuu alipungukiwa. Lakini nitakuambia wewe, kwa kuwa umenisikiliza mpaka hapa: sikumsamehe, na Padri nilimwambia hivyohivyo, akanipa sala nikazisali, na bado.

Kasense ya leo huitambui. Mabati kila mahali, mashine ya kusaga inanguruma toka alfajiri, na wasichana wa pale wanapita na sare zao wakiniamkia, "Shikamoo bibi," huku wanacheka mambo yao. Palipokuwa nyumba yetu pana mahindi ya familia moja iliyokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini-magharibi, watu wa kazi, sina ugomvi nao. Kimpumu siku hizi utakipata kwenye ndoo ya plastiki, kila mtu na bilauri yake, kila mtu anasema huku mwenzake anasema. Wako wanaolilia zamani ile, wanasema watu walisikilizana. Ni kweli walisikilizana. Mimi nilikuwepo nimepiga goti, nilisikia jinsi chumba kizima kilivyonyamaza kumsubiri mwanamke mmoja, naye akanyamaza nao.

Laiti angeutua mrija akasema: kwa upande wangu, sitaki aende, namhitaji, nitabaki na nani. Ningelia. Ningempiga hata teke lile jiwe. Shule ningeikosa vilevile, na matuta ningeyalima yaleyale. Lakini usiku ule baridi ingenirudisha mgongoni kwake, na ningelala.