Sijida Ndefu ya Baba

Mama alipofariki, baba aliacha kulala. Alizunguka uani kama analinda mpunga usiliwe na nguruwe, na alfajiri akaenda kuswalisha na macho mekundu. Yeye ndiye imamu wa msikiti wetu mdogo hapa Chumbi. Nikampeleka Dar kwa daktari, akaandikiwa vidonge vya trazodoni, dawa ya huzuni inayoleta usingizi. Baba akaweka sharti moja: mtu asijue. Alisema imamu anayemeza dawa za kichwa hachelewi kuvuliwa uimamu.

Mimi, astaghfirullah, nilifurahi kupita kiasi. Nafundisha kemia sekondari kule Kibiti, na sasa kemia imebisha hodi nyumbani kwetu! Nikamchorea molekuli: hii pete ya fenili, imeshikana na hii ya piperazini yenye naitrojeni mbili, inakwenda ubongoni, inakalia vipokezi vya serotonini, usingizi unakuja. Baba akautazama mchoro.

"Wavu wenyewe matundu machache hivi, utanasa nini?"

Ulinasa usingizi. Ila molekuli hiyohiyo ina udokozi: inaziba pia vipokezi vinavyobana mishipa ya damu, kwa hiyo mtu akiinuka ghafla damu inabaki miguuni. Siku moja akiswali nyumbani, baba aliinuka kutoka kwenye sijida akayumba, akajishika ukutani. Tangu hapo akawa haharakishi kuinuka.

Na imamu asipoinuka, nani ainuke? Sisi wanawake nyuma ya pazia tulibaki paji la uso mkekani, tunasubiri takbira. Tulipotoa salamu, bibi mmoja alipangusa machozi. "Mashallah, huyu ana unyenyekevu! Anamlilia mkewe."

"Amlilie," akajibu jirani yake, "lakini haya magoti yangu atayalilia nani?"

Haukupita muda, watu wakaanza kuja kwa bodaboda kutoka Ikwiriri kuswali nyuma ya mcha Mungu wetu. Nilicheka peke yangu. Ucha Mungu gani, ni mishipa imelegea tu! Lakini hofu nilikuwa nayo. Akianguka kwenye ile sakafu ya saruji atavunjika nyonga, siri itatoka, na uimamu utakwenda.

Nikampigia daktari. Kumbe baba alikuwa anameza dawa tumbo tupu. Daktari akapunguza dozi, akaagiza ale kwanza. Nikampima presha amelala, nikampima amesimama: haikushuka. Kizunguzungu kikaisha kabisa.

Sijida ikabaki ndefu vilevile.

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimkuta barazani na ungo wa mama, anachambua mchele.

"Baba, kizunguzungu si kimeisha?"

"Kimeisha zamani, mwanangu."

"Sasa huko chini unangoja nini? Umenogewa na sifa za watu?"

Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje.

"Namwombea mama yako. Kila nikitaka kuinuka, naona kama namwacha peke yake."