Zaina Aliyepelekwa Ujiji

Waliokuwa pale kwenye lagare, stesheni yetu ya Kindu, asubuhi ile, karibu na gari la moshi, niwataje kwanza nisije nikamsahau mtu. Baba yetu Saidi, fundi wa kushona. Mama yetu Ashura, na mimi Mariamu nimeshika kitenge chake. Dada yangu Zaina, mkubwa wangu, aliyekuwa ameanza kuota kifua. Na Mama Feza, mke wa mashinisti anayeendesha gari la moshi, mtu wa Kongolo. Si ndugu yetu, jirani tu. Baba na Mama wamekufa. Wale wawili waliopanda gari, Zaina na Mama Feza, sijui.

Ni harufu ya ndagala iliyonirudisha kule. Mwaka huu wageni walikuja Kindu kutoka ng'ambo ya ziwa, kusherehekea undugu wa jimbo letu na mkoa wao, undugu wa miaka mingi, na zawadi yao ilikuwa magunia ya samaki hao wakavu. Waliyafungua uwanjani, jua kali, harufu ikaja mpaka kwenye viti vyetu wazee. Wenzangu wakameza mate. Mimi nikaziba pua kwa kitenge.

Maana undugu ule, kabla wakubwa hawajauwekea bendera, baba zetu walikuwa nao kwenye ngozi. Baba alichanjiana na Juma Kitwana, mchuuzi wa Ujiji aliyekuwa akituletea ndagala na chumvi. Walikatwa kifuani kwa wembe, kila mmoja akala kipande cha ini la mbuzi kilichopakwa damu ya mwenzake, na mzee akasimama juu yao akigonga visu viwili na kusema masharti. Baba akilala mchana nilipenda kugusa alama ile. Ilikuwa ngumu kama punje ya mahindi. Tangu hapo Juma alimuita Mama "mke wangu", akimtania kwamba sombe yake, mboga ya majani ya mihogo, haina chumvi. Mama anamjibu, "Njo maana wewe unauza chumvi. Ulete na ya kwako."

Vita ilipofika, waasi na askari wakawa wanapokezana mji, na wote waliuliza nyumba gani iko na binti mukubwa. Baba akamtumia Juma neno kupitia wachuuzi: ndugu, ninakuletea mtoto. Halafu akamfungia Zaina nguo mbili, akamkabidhi kwa Mama Feza aliyekuwa anakimbia, amfikishe ziwani na kumpandisha mashua ya Ujiji. Zaina hakulia. Alitoa kichwa dirishani akaniambia, "Viatu vyangu usiviguse. Miguu yako iko kama ya bata, utavipanua."

Vita ikapita. Habari hakuna. Na kwetu, mtoto ukimpeleka kwa ndugu wa damu, humuulizi. Kuuliza ni kumwambia ndugu: ninakushuku. Mama alijaribu mara moja, mimi nikimenya mihogo karibu nao.

"Baba Zaina, tutume hata salamu."

"Niseme nini? Niulize kama wanamulisha?"

"Uulize kama alifika."

"Mutoto iko kwa baba yake, Ashura."

Mama hakuomba tena. Lakini kila gari la kutoka Kabalo, njia ya ziwani, likipiga honi, mchi wake ulisimama juu ya kinu cha sombe, haushuki, mpaka abiria wa mwisho apite njiani. Mimi nilidhani anapumzisha mikono. Nilikuwa nafurahi hata, nikapata kupumzika naye.

Baba alikufa akiwa na hakika kwamba ana wajukuu Ujiji. Jioni nyingine tulikuwa tunawatungia majina.

Sasa, kati ya wageni wale, alikuwepo Hamisi, mjukuu wa Juma. Alipiga magoti akaniamkia. Nikamuuliza, mimi wa kwanza nyumbani kwetu kuuliza: "Zaina aliwaachia watoto?"

"Zaina yupi, bibi?"

Nikamueleza. Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suti yake. Akasema neno la Baba lilifika, na babu yake alikwenda bandarini kila mashua ilipoingia. Hata kitanda cha mtoto alikuwa amekitengeneza. Mtoto hakushuka. Na Juma naye hakuuliza, kwa kuwa kumdai ndugu mtoto ni kumtukana. Alifikiri Baba amebadili moyo, akakaa na uchungu wake mpaka kaburini.

Pande mbili za ziwa watu waliheshimiana, na katikati mtoto alikuwa anapotea, hakuna anayemtafuta.

Mara nikaitwa mbele, mtoto wa waliochanjiana, niseme neno la undugu. Nikapewa maikrofoni. Nikasema, "Zaina binti Saidi," nikairudisha maikrofoni. Watu wakapiga makofi sana. Walidhani nimemtaja mmoja wa waanzilishi.

Utotoni niliona Baba ana moyo mgumu. Leo ninajua alikuwa anampa rafiki yake heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na heshima hiyo njo ilifunga mlango.

Sikusoma sana, majina ninayashika kichwani tu. Kama nimekosea, munisahihishe. Pengine Mama Feza alikuwa mtu wa Kabalo, si wa Kongolo. Pengine gari lilisimamishwa njiani, mtoto akashuka na watu wengine. Na kama kwenu iko bibi mzee anayesema baba yake alikuwa fundi Saidi wa Kindu, nanyi munaona akili zimemtoka, basi muniambie nimekosea yote. Nitafurahi.