Jemedari Aliyeachiwa Ziada

Fundi cherehani mmoja, mjane, alibandikwa jina la Mama Pindo kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka hata likivutwa na ng'ombe. Kazi yake ya kula ilikuwa nguo. Kazi yake ya moyo ilikuwa riwaya za mapenzi, zile nyepesi za kuchekesha, za watu kugombana ukurasa wa kwanza na kuoana ukurasa wa mwisho.

Zote alizichota kwenye kitabu kimoja kikuukuu alichoachiwa na shangazi yake, hadithi ya kale ya jemedari mrefu mwenye maringo na binti wa hakimu mwenye ulimi mkali. Kwenye kitabu hicho wapenzi hao hawakuambiana ya moyoni hata siku moja, kila mmoja akajifia kwake kwa majonzi. Mama Pindo alikisoma akiwa msichana, akalia mpaka pua ikaziba, kisha akapandwa na hasira.

"Watu wazima na akili zao," alisema, "wameshindwa kutamka neno moja?"

Tangu hapo akawa anawafufua. Mara jemedari ni kinyozi, mara ni dereva wa lori, na binti wa hakimu ni karani wa posta. Lakini kwake yeye, lazima waambiane.

Alitunga kwa sauti, akikanyaga cherehani, na jioni ndipo alipoandika. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikuwa dobi, mgane mfupi, mpole, aliyepiga pasi mashati ya nusu ya mtaa. Cherehani ikilia, dobi alijua hadithi inakwenda. Ikinyamaza, alijua imekwama, naye hugonga ubao kwa mpini wa pasi: ko, ko.

"Wamefika wapi?"

"Binti kamfungia mlango, na mimi sijui atamfungulia vipi."

"Si asahau mwavuli wake humo ndani? Atarudi kuufuata."

Na cherehani ikalia tena.

Ndivyo walivyoishi miaka yote hiyo. Mama Pindo alijua fika kwamba bila ile ko, ko, asingemaliza hata riwaya moja. Alitaka sana kumshukuru, lakini kila alipofungua mdomo alijikuta akimuuliza bei ya mkaa. Basi akaona heri shukrani ziingie kitabuni. Riwaya mpya aliitunga kwa kunong'ona, na jemedari wa safari hii, fundi bomba, akampa tabia zote za dobi: kufuta mikono kwenye suruali kabla ya kusalimia hata ikiwa mikavu, kuiacha chai ipoe halafu kulalamika imepoa, kupiga mluzi wimbo mmoja tu, tena kombo.

Dobi alipogonga, alijibiwa, "Safari hii haijakwama, jirani." Dobi akarudi kwenye pasi yake.

Kosa ni moja tu alilofanya, nalo ni kosa la mafundi cherehani. Fundi akikata kitambaa huacha ziada, kwa kuwa nguo ndefu hupunguzwa, ila fupi ndiyo imeshakuwa fupi. Mama Pindo akamkata jemedari wake kwa mtindo huohuo. Akatoka bwana mrefu, wa kuinama akipita mlangoni.

Kitabu kilipotoka kwa mchapaji, nakala ya kwanza alipewa dobi. Siku kadhaa ukuta ulikaa kimya. Kisha dobi akaja mwenyewe mlangoni.

"Hongera, Mama Pindo. Nimecheka mpaka nimeunguza shati la watu."

"Na yule fundi bomba?"

"Muungwana. Nimemtambua."

"Umemtambua?"

"Nani asiyemjua muuza vitambaa wako? Urefu ule mtaani hapa ni wake peke yake. Anakufaa, mama." Dobi akatazama chini. "Binti yangu kila siku ananiita nikaishi naye. Nilikuwa nasitasita. Sasa naona niende tu."

Mama Pindo alifungua mdomo, na yaliyotoka ni haya: "Mkaa siku hizi bei gani?"

Alasiri muuza vitambaa akaleta marobota yake, akainama mlangoni kama kawaida. Mama Pindo akamweleza yote, karibu alie.

"Mimi?" Yule bwana alicheka mpaka akakaa juu ya robota. "Dada, mimi chai naipiga ikichemka! Huyu ni jirani yako, umempandisha ngazi tu. Nenda kamteremshe, mwenzio anafunga mizigo."

Kweli, nyuma ya mbao ilisikika kamba ikikazwa. Mama Pindo akawakumbuka wale wawili wa shangazi, kila mmoja kwake na majonzi yake. Akaketi kwenye cherehani, sindano haina hata kitambaa, akaanza kukanyaga.

"Fundi bomba alikuwa mfupi!" alitangaza.

Kamba ikanyamaza.

"Alikuwa mfupi tangu azaliwe! Mwandishi ndiye aliyemrefusha, kwa woga wake, ili watu wasimjue. Na riwaya zote za mwandishi huyo, mwavuli ni wa fundi bomba, mlango ni wa fundi bomba, na hata siku moja hakuambiwa..."

Cherehani ikasimama.

Ko, ko.

"Wamefika wapi?" sauti iliuliza taratibu.

"Bwana anafunga mizigo. Mwandishi hajui amzuie vipi."

"Si amwambie tu?"

Mama Pindo akaegemeza paji la uso kwenye ubao. "Asante, jirani. Asante kwa miaka yote. Usiende."

Halafu akasikia mluzi, wimbo uleule, kombo vilevile, na kamba ikifunguliwa fundo baada ya fundo.

"Chai ipo huko?"

"Ipo. Ya moto."

Dobi alipotokea mlangoni, hakuhitaji kuinama. Alifuta mikono yake mikavu kwenye suruali, mbele na nyuma, ndipo akasalimia.