Mama Anataka Kusonga

Kumfanyisha mazoezi mtu ambaye madaktari wamesema hatapona, ni kumsaidia au ni kumtesa? Swali hilo lilininyima usingizi majuma mengi. Chini yake kulikuwa na lingine ambalo sikumwambia mtu: je, akivunjika mikononi mwangu?

Saratani ya mama ilianzia kwenye titi, ikaingia kwenye mifupa ya mgongo. Daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba dawa zingepunguza kasi yake na maumivu, lakini haingeondoka. Kisha, kwa sauti ileile, akatutuma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilidhani amekosea mgonjwa. Kwa akili yangu mazoezi yalikuwa ya mtu anayerudi, kama aliyevunjika mguu. Mama alikuwa anarudi wapi?

Tuliishi wawili, mtaa wa Waithaka, pembeni mwa jiji. Nilikuwa nimemaliza chuo na kupata kazi ya mkataba katika ofisi moja Westlands. Jioni, kabla ya kufungua mlango, nilisimama kwanza nimsikie akikohoa. Nilimbebea kila kitu: kikombe, maji ya kuoga, hata rimoti. Mkeka niliukunja asije akajikwaa. Nilisoma kwenye simu kwamba mfupa dhaifu unaweza kuvunjika mtu akipiga chafya tu, na mama alipopiga chafya siku hiyo nilijikuta nimeshika ukuta.

Mama mdogo, dada yake anayemfuata, alikuja kila Jumamosi. Yeye alikuwa na neno moja: apumzike. Amefua nguo za watu Lavington maisha yake yote, sasa apumzike. Majirani na watu wa kanisa walisema vivyo hivyo. Neno zuri, lakini kila nikilisikia nilikumbuka matangazo ya vifo: fulani amepumzika. Niliogopa kwamba tulikuwa tunamzoeza.

Mtaalamu tuliyemkuta kwenye kliniki, katikati ya jiji, alikuwa mwanamke wa makamo asiye na haraka. Alitazama picha za mgongo, akampapasa mama mabega, akampima nguvu za mikono. Kisha akamwuliza swali la kazi yake.

"Mama, unataka kusonga mpaka wapi? Mlangoni? Kanisani?"

Mama alifikiri kidogo. "Mimi nataka kusonga ugali."

Nilicheka peke yangu. Nilidhani hakulielewa swali. Mama akanionyesha kwa kidevu. "Huyu hunipikia uji uliokasirika, anauita ugali."

Basi muda wetu wote uliobaki ukawa wa ugali. Mama atumie kiti kirefu chenye mgongo, asisimame. Sufuria iwe ndogo, asiiinue, asijipinde kiuno. Kuishika ni kazi yangu. Akisikia maumivu mapya, au miguu ikifa ganzi, aache na tuje mara moja. Akichoka apumzike, alisema yule mtaalamu, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilinifikia kama pumziko la mtu aliye katikati ya kazi.

Mama alipokuwa akivaa viatu nilimwuliza mtaalamu pembeni: na akivunjika? Hakunidanganya. Alisema mama anaweza kuumia hata akigeuka kitandani, ndiyo maana tunapanga namna ya kumlinda. Halafu akaniuliza kama nimewahi kumwuliza mama mwenyewe anaogopa nini. Sikuwa nimemwuliza.

Kiti tuliazima kwa kinyozi jirani. Kilikaa kona ya sebule wiki nzima, nikakitundikia nguo, nikijiambia nangoja siku ambayo mama ataamka na nguvu.

Jumamosi mama mdogo akaja na mboga za sukuma wiki, akaelekea jikoni moja kwa moja. Mama akasema kutoka kwenye kochi kwamba leo atasonga yeye. Mama mdogo alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye umesoma. Mwambie apumzike."

Wakaningoja. Niliwaza mfupa, moto, maji yanayochemka, na namna ambavyo mama mdogo angenitazama baadaye. Nilimtazama mama nikitumaini atabadili nia. Hata hakuwa ananiangalia. Alikuwa anakunja mikono ya sweta.

Nikaondoa nguo kwenye kiti, nikakipeleka karibu na meko. Nikamwinua mama kama tulivyofundishwa, akatembea akiniegemea, akakaa. Maji yalipochemka nikamimina unga, nikashika ukingo wa sufuria kwa kitambaa, nikampa mwiko. Mama mdogo alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

Mama alisonga, akatua, akavuta pumzi, akasonga tena. Niliikaza sufuria, nikaiinamia mpaka bega langu likawa mbele ya mwiko.

"Songa kidogo," akaniambia. "Umeniziba."

Nikasonga. Kitambaa sikukiachia.