Nadhiri ya Mama Yake Dorca

Dorca alikuwa bado mtoto wa mgongoni mafuriko yalipoingia Ahero, na surua ikafuata nyuma ya maji. Mama yake, Amolo, alimwinua mbele za Mungu akaapa: huyu akipona, atahubiri Neno. Akapona. Tangu hapo nadhiri ile ilikua naye kama ndugu mkubwa asiyehama nyumbani. Alipoolewa Kisumu na kuanza kukaanga mgongo wazi pale Obunga, yaani ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa, kila kukicha alijiona mtu aliyechelewa kazini.

Kwa hiyo mwaka wa 1991, kanisa lao la mabati lilipotafuta mwinjilisti, alijitokeza. Mchungaji Khaemba akampa Jumapili moja ahubiri, wazee wampime. Amolo akaja kutoka Ahero na kitambaa kipya kichwani, akakaa benchi la mbele.

Dorca alisoma Neno vizuri. Kisha akafunga Biblia. Yote aliyoyakariri wiki nzima mbele ya karai la mafuta yalimtoka kichwani. Akatazama mlangoni atafute pumzi, ndipo akamwona Benta, jirani yake.

Benta alikuwa amefiwa na mume majuzi, na mila ya kumwondolea msiba haijafanywa. Kwa Wajaluo mjane wa namna hiyo haingii nyumba ya mtu wala hashiki mkono wa mtu, asije akawaletea chira, ule ugonjwa wa kukonda unaowapata wavunja miiko. Alisimama juani, nje ya kizingiti, akisikiliza ibada kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Asiingie tu," mama mmoja akanong'ona.

Dorca akashuka. Alimpita mama yake bila kumtazama, akatoka, akamshika Benta mkono.

"Mimi si wa kushikwa, Dorca."

"Nimeshakushika. Twende tukae."

"Na mahubiri?"

"Yamekataa kutoka."

Benta akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko kikageuka kilio. Wakakaa kando ya ukuta mpaka wimbo wa mwisho.

Baadaye Khaemba aliwafuata pale pale. "Dada Dorca, wazee wamemchagua Obiero."

"Najua, Mchungaji."

"Mahubiri yako yalikuwa mafupi," akasema bila kejeli, kisha akamsalimu Benta kwa mkono.

Dorca aliwaza jambo moja tu: uso wa mama yake. Alipofika nyumbani na Benta, Amolo alikuwa ameshaketi mkekani, karai li motoni. Benta akasita mlangoni.

"Ingia, binti yangu," Amolo akasema. "Mimi ni mzee, chira itakondesha nini hapa? Ingia, samaki wanapoa."

Wakala. Mwishowe Dorca akasema, "Mama, nimevunja nadhiri yako."

Amolo alifyonza mfupa mpaka ukawa mweupe. "Mteja akinunua samaki, wewe unamtilia nyongeza. Kwa nini?"

"Asiende kwa mwingine."

"Basi. Mimi nilimwomba Mungu upone. Hayo ya kuhubiri nilitia nyongeza, niliogopa asinisikie. Yeye hakuniomba. Nimekubebesha mzigo bure, mwanangu, na sikujua ni mzito hivyo."

Dorca alikuwa kama mtu aliyetua karai la maji kutoka kichwani, shingo bado imekaza, haijaamini. Upande wa pili wa mkeka Benta alikuwa akila, mkono wake ndani ya sahani yao moja, na Dorca akaona kwamba hapo alipo yeye ndipo anapotakiwa.

Miaka iliyofuata vifo vilizidi kando ya ziwa, na wajane wakaongezeka. Mwinjilisti Obiero, aliyehubiri vizuri kweli, alipomkuta mmoja aliyeogopa kuvuka mlango wowote, hakuanza na Biblia. Alimwonyesha kwa kidole moshi wa jiko la Dorca.